Marudio ya Mtihani: Kuhifadhi na Kurejesha Patisheni kwa Imeji

Maswali haya yanawahusu wanaosomea ufundi wa kompyuta na wanaofanya mazoezi kwa Clonezilla, programu ya bure inayowashwa kutoka kwenye flashi.

Swali la 1. Imeji ya patisheni inatofautianaje na kukopi mafaili?

Ukikopi mafaili unachukua nyaraka, picha na vingine unavyoviona. Imeji huibeba patisheni nzima jinsi ilivyo: mfumo wa mafaili, mafaili yaliyofichwa, ruhusa za watumiaji, programu na mfumo endeshi wenyewe. Kwa hiyo kompyuta iliyorejeshewa imeji hurudi kama ilivyokuwa siku ile, bila kusakinisha kitu upya.

Swali la 2. Patisheni ya GB 120 imetoa imeji ndogo sana. Kuna kilichoachwa?

Hapana. Clonezilla hutumia Partclone, inayosoma ramani ya mfumo wa mafaili na kuchukua bloku zenye data tu, kisha zinabanwa. Amri ya dd husoma kila bloku, hata zilizo tupu. Patisheni iliyofungwa kwa BitLocker haisomeki kwa Partclone, hivyo Clonezilla huiendea kwa dd. Hapo tayarisha nafasi inayokaribia ukubwa wa patisheni yote, maana data iliyosimbwa haibaniki.

Swali la 3. Utaiandaaje Windows kabla ya kuchukua imeji?

Swali hili ndilo lenye alama nyingi, na ndilo linalookoa kazi za watu. Tangu Windows 8, kompyuta inayozimwa kwa kubofya Shut down huenda haizimiki kabisa: sehemu ya mfumo inalala ili kesho iwake haraka, na patisheni ya NTFS hubaki kama mlango ulioachwa wazi. Clonezilla inaweza kuikataa. Fungua dirisha la amri, andika `shutdown /s /t 0`, kompyuta izimike kweli.

Kabla ya hapo endesha `chkdsk C: /f`, kwa sababu hitilafu za mfumo wa mafaili huhamia kwenye imeji pamoja na data. Kama diski yenyewe ina sekta mbovu, acha njia hii ya kawaida na utumie ddrescue, iliyotengenezwa kwa ajili ya diski zinazokufa. Ufunguo wa BitLocker nao uandikwe na uwekwe mahali pengine.

Swali la 4. Je, imeji ya C inaweza kuwekwa kwenye patisheni D?

Inawezekana, lakini ni salama tu kama patisheni ya D iko kwenye diski nyingine. D ya diski ileile haifai, kwani diski ikifa, C, D na imeji vinakufa pamoja.

Swali la 5. Data ni GB 46 tu. Mbona imeji ya C yenye GB 120 inakataa kurejeshwa kwenye patisheni ya GB 64?

Kinachoangaliwa ni ukubwa wa patisheni ya awali, wala si wa data. Ipunguze C kwanza ndani ya Windows, ndipo uchukue imeji.

Swali la 6. Nini tofauti ya `restoreparts` na `restoredisk`?

`restoreparts` hurejesha patisheni uliyoichagua tu. `restoredisk` huandika upya diski nzima pamoja na jedwali la patisheni, na kazi za mteja zilizokuwa D zinafutika. Kabla ya kujibu `y`, soma jina la diski, ukubwa na modeli yake. Usitegemee `sda` na `sdb`: herufi hizo zinaweza kubadilishana ukiongeza diski au ukihamisha waya.

Swali la 7. C imerejeshwa salama kwenye diski mpya, lakini Windows haiwaki. Kwa nini?

Kwenye kompyuta za UEFI, mafaili ya kuwashia yanakaa kwenye patisheni ndogo ya EFI yenye FAT32. Ukichukua C peke yake, umeyaacha. Kwa diski za mtindo wa zamani, msimbo wa kuwashia uko kwenye MBR, sekta ya kwanza yenye baiti 512: 446 za msimbo, 64 za jedwali la patisheni, 2 za alama ya mwisho. Kumbuka hesabu hiyo, mara nyingi huulizwa. Kama EFI ipo lakini mafaili yake yameharibika, washa kwa flashi ya Windows na utumie `bcdboot`.

Swali la 8. Utajuaje kuwa imeji ni nzima?

Clonezilla ina chaguo la kukagua imeji baada ya kuihifadhi. Likubali hata kama una haraka. Lakini ukaguzi huo unaonyesha tu kwamba imeji inasomeka. Ili kujua kama mfumo utawaka, irejeshe kwenye diski ya majaribio na uingie mpaka ndani ya Windows, ufungue na mafaili mawili matatu. Diski ya mteja ichomolewe kabla ya jaribio hilo.