Insha Yenye Mpangilio: Vidokezo 10 kwa Wazazi na Walimu wa Dodoma

Mtoto wa Dodoma hakosi la kuandika. Ameona mashamba ya mizabibu ya Hombolo, anaijua treni mpya ya umeme, amepanga ndoo kwenye foleni ya maji. Mpe mada, ukurasa utajaa upesi. Shida huanza msomaji anapojaribu kumfuata. Tatizo limeelezwa kabla hatujajua ni la nani, wazo la sentensi ya pili limejirudia kwenye ya tisa, na hitimisho limeanzisha jambo jipya kabisa.

Mara nyingi dawa yetu ni kumkaririsha: utangulizi, kiini, hitimisho. Majina hayo anayajua. Asichokijua ni kazi ya kila sehemu, na hilo linafundishika kwa karatasi, kalamu na muda wako. Vidokezo hivi vitakusaidia.

1. Aanze kwa mdomo

Kabla daftari halijafunguliwa, mwambie akusimulie. Muulize maswali matatu: Unataka kuniambia nini? Kwa nini unasema hivyo? Kwa hiyo tufanye nini? Jibu la kwanza litazaa utangulizi, la pili kiini, la tatu hitimisho. Kama nyumbani mnazungumza Kigogo au Kirangi, mwache asimulie kwanza kwa lugha hiyo. Mawazo yakishakaa sawa, kuyaandika kwa Kiswahili hakumtishi tena.

2. Ipunguze mada

"Mkoa wetu wa Dodoma" ni mada inayopoteza watoto wengi. Ndani yake kuna Bunge, Mji wa Serikali wa Mtumba, Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007, michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, soko la mahindi la Kibaigwa, zabibu na mibuyu. Mtoto atavitaja vyote asieleze hata kimoja.

Mwonyeshe kuchagua upande mmoja. Akichagua "Dodoma ilivyokuwa makao makuu", tayari ana njia ya kupita: uamuzi wa mwaka 1973, Serikali kuanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, kisha hadhi ya jiji mwaka 2018. Halafu aandike sentensi moja tu juu ya karatasi: "Nataka msomaji wangu ajue kwamba..." Akishindwa kuimalizia, bado hajawa tayari kuandika. Rudini kwenye mazungumzo.

3. Tandaza mawazo mkekani

Hapa ndipo mpangilio unapoonekana kwa macho. Kata karatasi vipande vidogo, kila wazo likae kwenye kipande chake. Tuseme mada ni kilimo cha zabibu. Mtoto anaweza kuandika hivi: huvunwa mara mbili kwa mwaka, ndege huzila, ni tamu, hutengenezwa mvinyo, bei hushuka zikivunwa kwa pamoja, mizabibu hushikiliwa kwa nguzo na waya, hukaushwa, huuzwa kando ya barabara, shangazi aliniletea, hupogolewa.

Vitandazeni vipande hivyo mkekani, kisha muulize: vipi ni ndugu? Nguzo, kupogoa na mavuno vinakwenda pamoja, vyote ni kazi za shambani. Ndege na bei ni matatizo. Mvinyo, zabibu kavu na kuuza barabarani ni matumizi na soko. Hizo ni aya tatu. "Ni tamu" na "shangazi aliniletea" vimekosa ndugu, kwa hiyo aviweke kando. Hilo nalo ni somo kubwa, kwamba si kila anachokijua kinastahili kuingia kwenye insha hii.

Usimpangie wewe. Acha mikono yake ihamishe vipande. Akikosea kundi, muulize kwa nini amekiweka pale. Mara nyingi atakihamisha mwenyewe kabla hajamaliza kujibu.

4. Achague njia inayoifaa mada

Makundi yakishapatikana, linabaki swali la lipi litangulie. Mfundishe njia nne, moja baada ya nyingine, kila moja kwa mada yake.

Njia ya wakati hufaa safari na matukio: tuliamka, tukafika stesheni, treni ikaondoka. Njia ya mahali hufaa maelezo: ukiingia Soko la Majengo unaanza kuona nini, kisha nini, mpaka unatokea upande wa pili. Njia ya sababu na matokeo hufaa maswali ya kwa nini. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo miezi mingi ni mikavu. Kwa hiyo wakulima wengi hupanda mtama na uwele unaovumilia ukame. Njia ya uzito hufaa hoja na mijadala: anza na hoja ya kawaida, malizia na ile nzito kuliko zote.

Mpe mada moja aipange kwa njia mbili tofauti, kisha achague iliyo bora na aseme sababu yake. Zoezi hilo litamfunza kwamba mpangilio ni uamuzi wake mwenyewe.

5. Aya moja, wazo moja

Soma aya hii: "Zabibu ni tamu. Wakulima wanauza zabibu. Ndege wanakula zabibu. Zabibu zinatengenezwa mvinyo. Bei inashuka. Mimi napenda zabibu." Hakuna sentensi yenye kosa la sarufi, lakini zote sita zimekaa kama wageni wasiojuana.

Sasa soma hii: "Mkulima wa zabibu hupata tabu kubwa wakati wa mavuno. Zabibu zilizoiva huharibika upesi, hivyo hawezi kuzisubirisha shambani. Wenzake nao huvuna wakati uleule, soko likajaa na bei ikashuka. Anayezikausha anaweza kuzihifadhi mpaka apate bei nzuri."

Mwonyeshe mtoto kilichotokea. Sentensi ya kwanza imetaja wazo, ya pili na ya tatu zimetoa sababu, ya nne imeleta njia ya kutokea. Kisha mpe kipimo hiki: funika aya kwa kiganja, muulize inahusu nini. Akijibu kwa maneno machache, aya imesimama. Akihitaji "na" tatu ili ajibu, humo mna aya tatu.

6. Utangulizi uandikwe mwisho

Watoto wengi hukwama mstari wa kwanza, ndipo wanapokimbilia "Katika insha hii nitaelezea kuhusu..." Mruhusu aruke mistari mitano, aandike kiini kwanza, kisha arudi juu. Wakati huo anajua anamkaribisha msomaji kwenye nini.

Utangulizi mzuri unaweza kuwa wa sentensi tatu. Kwa mfano: "Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari iliyokuwa ikimaliza siku kwa basi sasa huchukua saa chache. Treni hii imezileta karibu familia zilizoishi mbalimbali, na yetu ni mojawapo." Sentensi ya kwanza imetoa jambo, ya pili imeonyesha uzito wake, ya tatu imetuambia insha inaelekea wapi.

7. Viunganishi vifanye kazi

"Pia", "vilevile" na "halikadhalika" huongeza tu jambo juu ya jambo. Mtoto anayetegemea hivyo peke yake huandika orodha. Chezeni mchezo huu: mpe sentensi mbili, yeye atafute kiunganishi. "Mvua ilichelewa. Mahindi yalikauka." Atasema "kwa hiyo". "Mvua ilichelewa. Uwele ulistawi." Atasema "lakini" au "hata hivyo". Mbadilishie uone atakavyocheka akisikia "Mvua ilichelewa, kwa hiyo uwele ulistawi." Sikio lake linajua. Kazi yako ni kulifanya limwamshe anapoandika.

8. Zichanganye sentensi, azipange

Watahiniwa wa darasa la saba wamekuwa wakikutana na zoezi hili kwenye mtihani wa Kiswahili: sentensi zimevurugwa, nao wanazipa herufi ili zipate mtiririko wenye mantiki. Usingoje darasa la saba. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuanza na hizi:

A. Alipofika akakuta foleni ndefu ya ndoo.
B. Asubuhi hiyo bomba la nyumbani halikutoa maji.
C. Hata hivyo alivumilia, akarudi kabla ya kengele ya shule.
D. Kwa hiyo dada alichukua ndoo akaelekea kisimani.

Jibu ni B, D, A, C. Lakini usiishie kwenye jibu, muulize amejuaje. "Kwa hiyo" inadai sababu itangulie. "Alipofika" inadai awe ameshaondoka. "Hata hivyo" inadai kuwe na kikwazo. Akishaziona alama hizo kwenye sentensi za wengine, atazitia kwenye zake. Kisha mgeuze awe mtunzi: aandike sentensi nne, azivuruge, ampe mwenzake azipange.

9. Asome mabingwa, atoe mifupa

Shaaban Robert, ambaye katika miaka ya 1940 alifanya kazi Mpwapwa kwenye Idara ya Wanyama, alichapisha *Kielezo cha Insha* mwaka 1954, kitabu cha kuonyesha kwa mifano jinsi insha inavyoandikwa. Alijua kwamba insha hujifunzwa kwa kusoma insha. Tafuta kitabu hicho maktaba, au chukua makala fupi ya gazeti. Someni pamoja aya kwa aya, na pembeni ya kila aya mtoto aandike maneno manne au matano: hapa anataja tatizo, hapa anatoa mfano, hapa anajibu wapinzani. Mwishoni atakuwa ameupata mpango wa mwandishi mzima mzima. Kesho yake atumie mpango huohuo kwa mada yake.

10. Sahihisha mpangilio kabla ya tahajia

Kalamu nyekundu hupenda kukimbilia herufi. Mtoto akiandika "zabibu zina lika", tunampigia mstari, naye anadhani hilo ndilo kosa kuu. Soma mara ya kwanza bila kalamu, kisha muulize maswali mawili tu: Aya hii ina kazi gani? Ingekuwaje tukiihamisha? Akisharekebisha mpangilio, ndipo mrudi kwenye tahajia na alama za uandishi.

Pitia hitimisho kwa jicho hilohilo. Lisirudie utangulizi neno kwa neno wala lisilete hoja mpya. Lijibu lile swali la tatu mliloanza nalo: kwa hiyo tufanye nini? Mwandishi wa zabibu anaweza kumaliza kwa kuwashauri wakulima wa kijiji chake wajifunze kuzikausha. Huo ni mwisho uliotokana na aya zilizotangulia, na msomaji ataukubali.

Mwisho wa yote, mtafutie msomaji wa kweli. Insha kuhusu kijiji isomwe na babu wa kijiji hicho, insha kuhusu maji isomwe mbele ya darasa. Wa sekondari wana mashindano ya insha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ya SADC, na mwalimu anaweza kuwaandaa mapema. Mtoto anayejua kuna mtu atakayemsoma hupanga kwa ajili ya mtu huyo.

Usijaribu vidokezo vyote kumi kwa siku moja. Jumamosi hii anza na vipande vya karatasi na mada moja anayoijua vizuri. Wiki ijayo aya moja, wiki inayofuata viunganishi. Haba na haba hujaza kibaba. Stadi hii haitaishia kwenye mtihani wa Kiswahili, maana mtoto anayeweza kupanga hoja zake kwenye karatasi ataweza pia kujieleza mbele ya mwalimu, mwajiri na mkutano wa kijiji. Kila mtoto anastahili kuwa nayo.