Jina Lisiloandikwa: Msomi wa Kiswahili Mbele ya Picha ya Askari Asiyejulikana

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kujadili suala ambalo kwa kawaida huachiwa wanahistoria, nalo ni namna ya kumtambua askari asiyejulikana katika picha kongwe ya vita. Tunashikilia kwamba, kwa mintarafu ya pwani ya Kenya, kazi hii haiwezi kukamilika bila ya mtu anayeyajua majina ya Waswahili na Wamijikenda pamoja na hati za kale za lugha yetu.

Kwingineko kazi yenyewe imekwisha kufanywa, tena kwa kiasi kikubwa na watu wasiolipwa kwa utafiti. Mwaka 2011, katika kijiji cha Vignacourt nchini Ufaransa, yaligunduliwa maelfu ya vioo vya picha vilivyopigwa na Louis Thuillier na mkewe Antoinette wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Miongoni mwa waliopigwa picha hizo walikuwamo askari wa Australia waliokuwa mapumzikoni. Sura zilionyeshwa kwa umma, na wajukuu wakaanza kuzilinganisha na picha za ukutani mwao. Wengine walitambuliwa kwa beji, wengine kwa kovu, wengine kwa barua iliyotaja siku ya kupigwa picha. Hata hivyo, msomaji asisahau jambo moja: kila sura iliyotambuliwa ilikuwa na orodha ya majina ya kurejelewa. Jeshi la Australia lilimwandika kila askari wake.

Ahadi ya jiwe

Anayeingia kisiwani Mombasa kutoka Changamwe, akavuka Makupa na kufuata Barabara ya Jomo Kenyatta, huyapita masanamu ya askari wa shaba. Masanamu hayo ni ndugu wa yale ya Nairobi na Dar es Salaam, na maneno yaliyochongwa chini yake yalitungwa na Rudyard Kipling. Miongoni mwa yasemwayo ni ahadi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Maneno haya yameandikwa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo. Majina ya waliokufa hayapo kwa lugha yoyote. Kwa maoni yangu, hakuna kinaya kikubwa zaidi ya hiki katika maandishi yote ya hadharani ya mji wetu.

Waliosahauliwa hawakuwa wachache. Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914-1918, Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Si wote waliokwenda kwa hiari. Mwaka 1914 Wagiriama walikataa kutoa vijana wao, na ukaidi huo ni sehemu ya habari za Mekatilili wa Menza. Baada ya vita iliamuliwa kwamba makaburi mengi ya Waafrika yaachwe yamezwe na pori. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi hiyo huenda ikafika 350,000. Aidha, kulikuwa na mishahara ya wapagazi iliyobaki bila kulipwa kwa kuwa warithi hawakupatikana. Jina lililopotea, basi, lilikuwa pia haki ya mjane iliyopotea.

Lugha ilihifadhi kidogo kuliko tulivyotamani, lakini ilihifadhi. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi liligeuka kinywani mwa watu likawa Kariakoo, na mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi ingali inaitwa hivyo.

Kusoma picha

Tuseme basi picha iko mbele yetu, na mwenyewe hajulikani. Mavazi ndiyo ya kwanza kusomwa. Kofia ya tarbushi humwelekeza mtafiti kwenye kikosi cha King's African Rifles (KAR), na hapa msomi wa Kiswahili ana nafasi ambayo mgeni hana: baadhi ya batalioni za KAR zilivaa katika tarbushi beji ya shaba yenye tarakimu ya Kiarabu. Mtazamaji asiyeijua hati hiyo huiona kama pambo tu, ilhali ni nambari ya batalioni. Kofia pana yenye ukingo uliokunjwa, pamoja na alama ya kichwa cha kifaru begani, hutupeleka kwenye Vita Vikuu vya Pili, kwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944.

Mavazi hutupa kikosi, hayatupi mtu. Mtu hupatikana nyuma ya picha.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu na matamu. Tukikuta maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, tukumbuke kwamba hati hizo, kama zilivyotumiwa na wazee wengi, hazikutenga *o* na *u* wala *e* na *i*, na mara nyingi ziliacha *m* na *n* zinazotangulia konsonanti. Jina Kombo laweza kuandikwa kwa namna ambayo mjuzi wa Kiarabu pekee atasoma "Kubu". Kenga laweza kusomwa "Kigha". Mtafiti wa Ulaya akipekua rejista akimtafuta Kubu hatampata kamwe, na atahitimisha kwamba hakuwahi kuwapo.

Karani wa jeshi naye alikuwa na ulemavu wake. Mtu mmoja aliweza kuwa Khamis siku ya kuandikishwa, Hamisi siku ya mshahara, na Amisi siku ya kulazwa. Orodha ikipangwa kialfabeti, huyo amekuwa watu watatu katika kurasa zilizo mbalimbali.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko katika desturi ya Wamijikenda ya kumrejesha babu kwa jina la mjukuu. Mwana wa Kombo huitwa Kenga, na mwana wa Kenga akaitwa Kombo tena. Mpagazi mtu mzima wa 1916 na mjukuu wake aliyekwenda Burma wanaweza kuwa na jina moja na la baba pia. Familia ikisema kwa uaminifu kabisa kwamba picha ni ya "Kombo wa Kenga", haijajibu swali bado. Tarbushi au kofia pana ndiyo itakayoamua.

Majina ya bara la Mombasa hutaja hata mahali. Katika Frere Town, upande wa Kisauni, ambako watumwa walioachwa huru waliwekwa na wamisionari kuanzia 1875, jina la Kizungu la ukoo hupatikana mapema kuliko mahali pengi. Kwa upande wa kusini, njia ya Likoni hadi Gazi, mtafiti atarajie *bin* na majina ya Kiislamu ya Wadigo na Waswahili.

Mifano miwili

Arthur Wavell, aliyekuwa na shamba la makonge Nyali, aliunda mwaka 1914 kikosi cha Waarabu wa Mombasa kuilinda njia ya kusini. Aliuawa Mwele mnamo Januari 1916. Yeye twajua umri wake, safari yake ya Makka, na kitabu alichoandika kuihusu. Waliouawa pamoja naye hutajwa kwa jumla kama "Waarabu wake". Kimilikishi hicho kingetosha kwa tasnifu nzima ya semantiki.

Mfano wa pili una faraja kidogo. Mapema Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Kilindini, mkondo unaotenga Likoni na kisiwa, ikielekea Colombo. Tarehe 12 mwezi huo ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi, na watu 1,297 wakafa, 675 kati yao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Aliyeikusanya habari yao katika kitabu cha 1997, Brian James Crabb, alikuwa mwana wa mmoja wa walionusurika. Safari hii majina yaliandikwa: yamo katika Mnara wa Afrika Mashariki, kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Mwenye picha ya askari wa mizinga aliyeondoka Mombasa mwezi huo ana ukuta wa kwenda kuusoma.

Kwa picha za 1914-1918 ukuta huo haupo, kwa hiyo orodha itaanzia nyumbani. Mwanafunzi aitoe picha katika fremu, anakili yaliyo nyuma herufi kwa herufi kabla ya kuyafasiri, kisha amwendee bibi mkubwa wa mji ule. Asimwulize "huyu ni nani", kwani atajibiwa jina ambalo watu watatu wamelichukua. Amwulize alikuwa mwana wa nani, akamwoa nani, na nani alirithi minazi yake.