Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Pikapu ya Dizeli

Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Pistoni huibana hewa ndani ya silinda hata ikapita nyuzi 500 za Selsiasi, nayo dizeli inyunyizwapo huwaka yenyewe. Stata ikizunguka polepole, joto hilo halipatikani. Ndipo hitilafu ya umeme hudhaniwa kuwa ugonjwa wa injini, na mwenye gari hununua betri, kisha stata, kisha pampu, bila ya nafuu.

Yafaa kupima kabla ya kununua. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6, injini ikinguruma, volti 13.8 hadi 14.5. Vipimo hivyo vikiwa sawa, gia ikiwa huru, gusisha nyaya za voltimita kwenye ncha hasi ya betri na chuma kitupu cha injini, huku msaidizi akipiga stata. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umeshika kutu au umelegea. Usafishwe na kukazwa. Waya wa chanya hupimwa vivyo hivyo.

Stata ikizunguka kwa kasi na injini isiwake, ndipo zichunguzwe plagi za kupasha joto, hewa katika mabomba ya dizeli, na mgandamizo wa silinda.