SOMO LA ROBO HII: Utafiti wa Hali ya Hewa na Afya, Jamii Ishirikishwe Tangu Mwanzo



Kamati kadhaa zimetuuliza: wakija watu kutafiti mafuriko, ukame na magonjwa kijijini kwetu, sisi tuna sehemu gani? Tutajifunza kwa mfano wa Mamba, katika bonde la Rukwa, mkoani Katavi.

Mamba ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mvua ikizidi, maji machafu huingia visimani na vyoo vya shimo hubomoka. Ikikosekana, mpunga na mahindi hukauka. Mwaka 1997, uliomalizika kwa mvua kubwa za El Niño, Tanzania iliandikisha wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,200 walifariki. Mvua peke yake haileti kipindupindu, lakini humkuta mtu asiye na choo wala maji salama.

Tulipokwenda Mamba mara ya kwanza tulikosea. Tulifika Januari na dodoso refu lililoandaliwa mjini, tukaitisha mkutano saa nne asubuhi. Walikuja wazee na vijana wachache tu. Wengine walikuwa wamehamia mashambani, wanalala kwenye vibanda na watoto wao, wakinywa maji ya madimbwi. Mama mmoja aliyepita na jembe alituambia, "Mnatuuliza habari za kisima, na sisi tangu Krismasi hatujakiona!" Ripoti yetu ingezungumzia visima vya kijijini, wakati watoto walikuwa wanaharishia shambani.

Mzee mwingine alisimama akasema, "Walikuja wengine miaka ya nyuma, wakatutoboa vidole, wakaondoka na damu. Majibu yako wapi?" Hatukuwa na la kumjibu. Tusishangae basi uvumi wa mumiani unapozuka. Mara nyingi tunauita ujinga, kumbe ni deni ambalo halijalipwa.

Tulirudi Juni, baada ya mavuno. Safari hii dodoso lilibaki kwenye gari. Wanawake, wanaume na wafugaji walikaa makundi mbalimbali, wakachora kalenda ya mwaka chini kwa vijiti na kupanga punje za mahindi kuonyesha miezi ya njaa, ya homa na ya kuharisha. Punje zilirundikana Januari hadi Machi: chakula kimekwisha ghalani, kazi ya shamba ni kubwa, mbu ni wengi, na njia ya zahanati haipitiki. Mambo hayo manne yanakuja pamoja. Sisi tulikuwa tumeyaweka katika kurasa nne tofauti.

Wataalamu wengine wamegundua hayo pia. Utafiti wa Craig Hadley na Crystal Patil, uliochapishwa mwaka 2006 na kuwahusu akina mama wa jamii kadhaa nchini, wakiwemo Wapimbwe na Wasukuma, ulionyesha kuwa upungufu wa chakula nyumbani huambatana na dalili za wasiwasi na sonona kwa mama. Athari ya mwaka mbaya haiishii tumboni.

Mfano mwingine ni homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007, iliyoua watu zaidi ya 100 hapa Tanzania. Wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya waliona mvua isiyo ya kawaida, makundi ya mbu, kisha mifugo kutupa mimba, kabla hatua za serikali hazijaanza. Wana hata jina la ugonjwa huo, sandik, yaani pua yenye damu. Kama wangesikilizwa mapema, muda ungeokolewa.

Nehemia naye (Nehemia 2:11-18) alizunguka kuukagua ukuta kwanza, ndipo akakaa na watu kupanga ujenzi.

Kwa hiyo mtafiti akifika, kamati imwombe kwa upole kibali cha COSTECH na, kama ni utafiti wa afya, cha NIMR. Ielezwe kwa Kiswahili nini kinatafutwa, na kila mtu ajue kuwa anaweza kukataa au kujitoa bila kunyimwa huduma. Mwinjilisti asitumie mimbari kuwalazimisha washarika kushiriki; hili tumeliona, na si jema. Tarehe ya kurudisha majibu iandikwe kabla swali la kwanza halijaulizwa.

Kwa marafiki wanaotuchangia: mara nyingi fungu la mrejesho ndilo hukatwa kwanza bajeti inapobana. Tunaomba lisiguswe. Ni mafuta ya gari, karatasi kubwa za ukutani na chakula cha mkutano, basi.

Kamati zikikutana, zianze na swali hili: katika miezi ya mvua, watu wetu wanalala wapi hasa, na wanakunywa maji gani? Tuandikieni majibu kabla ya mvua za Novemba. Mamba wameshatupa yao, na wanatudai kurudi.