Kompyuta ya zamani na Wi-Fi: maswali na majibu

Kompyuta nyingi huwekwa kabatini kwa kuwa "hazishiki mtandao", ilhali kinachokosekana ni kifaa kidogo au programu moja. Kabla hujaiuza kwa bei ya kutupa, pitia majibu haya.

Nitajuaje kama kompyuta yangu ina Wi-Fi?
Kama ni kompyuta mpakato, kagua kwanza swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya mnara. Nyingi za zamani zinazo, na huzimwa bila mtu kujua. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Kwenye orodha ya vifaa, tafuta jina lenye neno Wireless au 802.11. Ukikuta alama ya mshangao ya njano, kifaa kipo ila draiva yake, yaani programu inayokiendesha, imekosekana au ina hitilafu.

Haina kabisa. Ninunue nini?
Adapta ya Wi-Fi ya USB. Usilipe kabla ya kusoma kwenye boksi kama inakubali toleo lako la Windows, maana baadhi ya mpya hazina draiva za matoleo ya zamani. Kwa kompyuta ya mezani, usiichomeke nyuma ya kasha karibu na ukuta, kwa sababu bati la kasha huzuia mawimbi. Tumia waya wa kurefusha USB na uiweke juu ya meza.

Draiva inapakuliwa mtandaoni, nami mtandao sina. Nifanyeje?
Chomeka simu ya Android kwa waya wake wa USB, kisha kwenye mipangilio ya hotspoti washa USB tethering. Kwa Windows 7 na matoleo yaliyofuata, mara nyingi kompyuta hupata intaneti papo hapo. Au pakua draiva kwenye kompyuta nyingine na uihamishe kwa flashi. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo.

Inaona Wi-Fi ya jirani, lakini hotspoti ya simu yangu haionekani. Kwa nini?
Kadi nyingi za zamani hushika masafa ya gigahezi 2.4 tu, na huenda simu yako inarusha kwa 5. Badilisha masafa kwenye mipangilio ya hotspoti. Ikionekana ikakataa kuunganishwa, angalia usalama: chagua WPA2 badala ya WPA3, iliyotangazwa mwaka 2018.

Imeunganishwa, lakini tovuti zinatoa onyo la usalama. Tatizo ni nini?
Tazama tarehe. Betri ndogo ya bodi kuu ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi kila unapozima umeme, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana si halali. Rekebisha tarehe, kisha badilisha betri. Mara nyingi huwa ni CR2032, ya duara kama sarafu.

Je, ni salama kuingia mtandaoni na Windows 7?
Hapana. Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama Januari 14, 2020. Windows XP iliachwa tangu Aprili 8, 2014. Usifanyie miamala ya benki kwenye mashine hizo. Kama kompyuta yako ni ya biti 64 na ina RAM ya GB 4, jaribu Linux Mint, ambayo ni ya bure. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi inashika. Ikishika, hifadhi kazi zako mahali pengine, kisha sakinisha. Mwanafunzi wa kuandika ripoti na kusoma masomo mtandaoni hahitaji mashine mpya. Anahitaji iliyopo iwe salama.