Somo letu: Soksi za mikono za sufu kwa mtoto mdogo



Anayeishi Lubero, Masisi au kwenye nyanda za juu za Uvira, Fizi na Mwenga anajua baridi ya alfajiri. Mzazi anayekimbia usiku hubeba mtoto na sufuria. Nguo za baridi hubaki nyumbani. Katika somo hili tutajifunza kufuma soksi za mikono za sufu iliyoshikamana, kwa mtoto wa miaka 2 hadi 4. Tutaeleza pia kosa tulilofanya sisi wenyewe katika kazi hii, ili viongozi wasilirudie.

Kwa nini sufu?

Unywele wa sufu una magamba madogo sana ambayo jicho halioni. Ukiutia katika maji ya moto yenye sabuni na kuusugua, magamba hushikana na hayaachani tena. Kitambaa hupungua, huwa kinene, na upepo haupiti kwa urahisi. Uzi wa plastiki unaouzwa kwa wingi sokoni haufanyi hivyo hata ukisuguliwa siku nzima.

Kondoo wetu wengi wana nywele fupi, hawana sufu ya kufuma. Kwa hiyo tunatafuta sweta kuukuu za mitumba zilizoandikwa «laine» au «wool». Kama karatasi ya nguo imetoka, choma kipande kidogo cha uzi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka na kuwa punje ngumu. Fumua sweta, zungusha uzi kwenye kiti, uoshe kwa maji baridi, kisha uutundike pamoja na jiwe dogo ili unyooke.

Namna ya kufuma

Tumia sindano mbili nene za milimita 6. Kama uzi ni mwembamba, shika nyuzi mbili pamoja. Fuma kwa kulegeza. Kwanza fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 na ukisugue kama tutakavyoeleza, uone kama kweli kinapungua. Kwa kipimo chetu, vitanzi 14 vinatoa sentimita 10 kabla ya kusugua.

1. Anza na vitanzi 30. Fuma mstari mmoja wa mbele, mwingine wa nyuma, mpaka sentimita 18.
2. Fuma vitanzi viwili viwili pamoja mstari mzima, vinabaki 15. Fuma mstari mmoja wa kawaida. Unganisha tena viwili viwili, vinabaki 8. Kata uzi, upitishe katika vitanzi vyote 8 na uvute.
3. Shona ubavu. Kuanzia kwenye mdomo wa soksi, shona sentimita 8, acha wazi sentimita 4 za kidole gumba, kisha shona mpaka juu.
4. Kwenye nafasi hiyo okota vitanzi 12, sita kila upande. Fuma sentimita 6, pitisha uzi katika vitanzi, vuta na ushone.

Soksi itaonekana kubwa mno. Usiogope: urefu wa sentimita 20 utashuka karibu na 14.

Namna ya kusugua

Tayarisha beseni la maji ya moto na jingine la maji baridi. Maji yawe ya kiasi ambacho mkono unavumilia, na watoto wakae mbali na moto. Paka sabuni ya kipande, sugua pande zote, ingiza katika maji baridi, kisha rudi kwenye ya moto. Kila baada ya dakika chache pima, kwa sababu sufu iliyopungua kupita kiasi hairudi. Kazi inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Suuza, kamua kwa kukandamiza ndani ya kitambaa bila kupotosha, nyoosha kwa mkono, kausha mbali na moto. Kwa kuwa maji na kuni ni shida, akina mama kadhaa wasugue siku moja kwa chungu kimoja.

Kabla ya kumvika mtoto, geuza soksi na ukate nyuzi zote za ndani. Uzi unaweza kuzunguka kidole na kuzuia damu. Usifunge kamba shingoni.

Kosa letu

Tulipoanza, mahali fulani tulimkabidhi kiongozi mmoja sweta zote azigawe. Familia zilizofika mwisho hazikuwa kwenye orodha yake. Baada ya siku chache akina mama wa kilima kimoja waliacha kuja, na maneno ya «wale» na «sisi» yakaanza kwenye foleni ya maji. Hatukuwa tumemwuliza mtu yeyote. Tulifikiri sufu ni jambo dogo.

Akina mama wenyewe ndio waliotutengenezea. Walisema: sweta zifumuliwe mbele ya watu wote, mafundo ya uzi yahesabiwe kwa sauti, na orodha isomwe hadharani. Kisha kila jozi ifumwe na mama wawili wa vilima tofauti, kila mmoja soksi moja. Iliwabidi wahesabu vitanzi pamoja na kusugua katika beseni moja, la sivyo mkono mmoja wa mtoto ungekuwa mkubwa kuliko mwingine.

Hatusemi kwamba soksi zilimaliza ugomvi. Swali la mashamba bado lilikuwa gumu, na mama mmoja alikataa kukaa na mwenzake mpaka mwisho. Lakini walio wengi walianza kusalimiana, na orodha iliyofuata ilisomwa hadharani bila sisi kuomba. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwetu, nani anaandika orodha, na nani anaisikia ikisomwa?
2. Familia zilizofika mwisho zinawakilishwa na nani?
3. Ni kazi gani ndogo ambayo haiwezi kumalizika vizuri bila jirani ambaye hatusemezani naye?

Viongozi, tunawaomba mwanze na swali la kwanza, kabla ya sweta la kwanza kufumuliwa.