Ushujaa wa Kusema Kweli

Somo: 2 Samweli 12:1–15

Yoabu alikuwa jemadari hodari vitani. Lakini Daudi alipomwandikia barua ili Uria auawe, alitii, akanyamaza. Basi twaona ya kuwa ushujaa wa mkuki si ushujaa wa kusema kweli.

Nathani hakuwa na mkuki. Alikwenda kwa sababu Bwana alimtuma. Wala hakumsengenya mfalme barazani; alisimama mbele yake, akamsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, hata Daudi akajihukumu kwa kinywa chake mwenyewe, akatubu.

Je, mkubwa asiposikia? Mchungaji Gudina Tumsa, katibu mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus, Ethiopia, alikataa kanisa lisifanywe chombo cha serikali ya kijeshi. Rais Nyerere alimtengenezea njia ya kutoka nchini. Hakukubali kuliacha kundi. Tarehe 28 Julai 1979 alikamatwa baada ya ibada huko Addis Ababa, akauawa. Watawala wale walianguka mwaka 1991; ushuhuda wake haukuanguka.

Kusema kweli kwa upendo ni kazi yetu. Kuigeuza mioyo ni kazi ya Mungu. Basi mtu akila sadaka ya kanisa, au akimnyang'anya mjane shamba, tusinong'one njiani. Tumwendee yeye mwenyewe, kwanza tukiisha kuomba.

Maswali:
1. Kwa nini Nathani alianza kwa mfano?
2. Ni uovu gani tunaounyamazia kwetu, nasi twamwogopa nani?